Kitambaa cha Adija na Dira ya Meli

Kila baba yake aliporudi safari, Adija alikuwa na kazi moja baada ya sala ya alasiri: kumfundisha baba kuandika. Walikaa barazani, nyumbani kwao Kilwa Masoko, baba kwenye kigoda na Adija kwenye mkeka, daftari la kisomo likiwa juu ya sinia lililogeuzwa. Mwalimu wa kisomo alikuwa amewaagiza watu wazima wote waandike kila siku sentensi mbili juu ya kazi zao. Wakulima waliandika juu ya mikorosho. Hasani Likwata aliandika juu ya bahari, kwa kuwa yeye alikuwa mshika usukani wa Mbwemkuru, meli ya umma iliyobeba abiria na mizigo kati ya Masoko na Lindi.

Mikono yake iliizungusha meli nzima bila kutetemeka, lakini ikishika penseli ilitoka jasho.

"Baba, herufi zako zinayumba," Adija alisema, akicheka.

"Zimepanda meli hizo. Subiri zifike gatini, zitatulia."

Adija alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Alikuwa mtoto wa kusema. Mama yake alipenda kumwambia kwamba siku alipozaliwa mkunga alimsikia kabla ya kumwona. Ungemwambia jambo lisilo kweli, hata kama wewe ni mkubwa kwake, angekuamkia kwanza kwa adabu zote, kisha angekupinga.

Mwezi wa Machi mwaka ule mvua za masika ziliwahi. Siku moja ya Jumatano Mbwemkuru ilitoka Masoko kwenda Lindi. Mvua ilifunga kila upande, nchi kavu haikuonekana kabisa, na kabla ya kufika Kiswere meli ikapanda kwenye mchanga. Hakuumia mtu. Walikaa pale, meli imeinama upande, abiria wakisoma dua na watoto wakilia, mpaka maji yalipojaa na kuinyanyua meli. Lakini habari ilifika Masoko kabla ya meli kurudi, na ilifika na jina la mtu. Watu walisema Hasani Likwata alisinzia usukanini.

Ijumaa asubuhi, kwenye shamba la shule, Petro, mwanafunzi mwenzake, aliegemea jembe lake akasema kwa sauti ya kusikika matuta yote, "Jamani, mkipanda Mbwemkuru mchukue na mto. Msukani akilala na nyie mlale!"

Wenzake wakacheka. Adija akaliweka jembe lake chini taratibu, akamwendea mpaka akasimama mbele yake.

"Petro, wewe ulikuwemo melini?"

"Sikuwemo. Lakini kila mtu anasema."

"Kila mtu alikuwemo?"

"Aa, Adija, utani tu huo."

"Basi nitanie kwa jambo ulilolishuhudia. Baba yangu hajalala kazini hata siku moja. Na nitalithibitisha."

"Utalithibitishaje? Wewe nahodha?"

Alirudi kwenye tuta lake akalima kwa hasira, udongo ukaruka mpaka kwa jirani.

Nyumbani alimkuta baba amekaa barazani, kofia yake ya kazi ikiwa magotini. Mama alikuwa anapepeta mchele bila kuinua uso.

"Kesho kuna kikao cha wafanyakazi melini," baba alisema. "Msaidizi wa nahodha, Ndugu Modesti, amesema nina mkono mzito. Anasema siku zote naisogeza meli nchi kavu, na yeye ndiye anayeniambia nirudi baharini. Wataniondoa usukanini, niwe wa kuosha ngama, kule chini kabisa maji machafu yanakokusanyika. Kuosha ngama ni kazi ya halali, siidharau. Lakini watu watasema niliwapandisha mchangani kwa uzembe, na maneno hayo hayatafutika."

"Wewe unasemaje, baba?"

"Nasema niliamriwa nishike nyuzi mia na sabini za dira, nikashika mia na sabini. Macho yangu hayakutoka kwenye dira. Mungu ni shahidi."

"Basi waambie hivyo!"

"Nimewaambia. Modesti amesomea chuo. Mimi ndio kwanza najifunza kuandika jina langu."

Mama akasema kwa upole, "Adija, mwache baba yako apumzike. Tumwachie Mwenyezi Mungu."

"Tumwachie, mama, ndiyo. Lakini hakutukataza kutafuta."

Mama akamtazama, kisha akarudi kwenye ungo wake. Hakumkemea.

Adija akalichukua daftari la kisomo. Alilifungua kutoka mwanzo, mwezi wa Oktoba, akasoma sentensi za baba moja baada ya nyingine kama anayezisoma kwa mara ya kwanza. Oktoba: "Tumekwenda Lindi salama. Bahari shwari." Novemba: "Tumerudi na magunia ya korosho." Akaendelea mpaka katikati ya Desemba, na hapo maneno yakabadilika. "Tumekwenda Lindi. Tumesogea nchi kavu, nimeambiwa nirudi baharini." Ukurasa uliofuata: "Tumerudi Masoko. Tumesogea tena nchi kavu." Januari, Februari, hivyo hivyo. Kwenda wamesogea nchi kavu. Kurudi wamesogea nchi kavu.

Kuna kitu hapo kilimkera, kama mchanga ndani ya wali. Alisimama, akautazama mkeka. Akajifanya yeye ndiye meli. Alitembea kutoka mlangoni kwenda kwenye ngazi, akisema moyoni, naenda Lindi, nchi kavu iko kulia kwangu. Kisha akageuka. Narudi Masoko, nchi kavu iko kushoto kwangu.

Akasimama pale pale.

"Baba," alisema polepole, "mtu akiwa na mkono mzito, unakuwa mzito upande gani?"

"Upande mmoja. Kuna mtu anavuta kulia, kuna anayevuta kushoto. Kwa nini?"

Alilikumbatia daftari, na usiku ule alilala nalo chini ya mto.

Jumamosi asubuhi alifunga bakuli la ubwabwa na samaki kwenye kitambaa, akaenda gatini. Baharia aliyekuwa ngazini alimjua, akampisha. Kikao kilikuwa kimekwisha kuanza katika chumba cha kulia. Mabaharia walikaa kwenye mabenchi, baba yake amesimama katikati yao kama mshitakiwa. Nahodha Bonaventura, mtu mnene mwenye mvi na sauti ya chini, alikaa mezani. Pembeni yake alikuwa Modesti, kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamooni," Adija alisema mlangoni. "Nimeleta chakula cha baba."

"Marahaba. Weka hapo, mwanangu, kisha uende," nahodha alisema.

Adija akaweka bakuli. Hakuenda.

"Binti, umeambiwa uende," Modesti alisema. "Hiki ni kikao cha watu wazima."

"Nimesikia, Ndugu Modesti. Sitoki."

Baba yake akasema kwa sauti ya kusihi, "Adija!"

"Nisamehe, baba. Nikitoka sasa nitakuwa nimekuacha." Akamgeukia nahodha. "Nahodha, naomba niulize swali moja tu. Nikimaliza, mkitaka nifukuzeni."

Nahodha akakunja mikono juu ya tumbo. "Uliza."

"Mnasema baba ana mkono mzito. Mzito wa kulia au wa kushoto?"

Mabaharia wakacheka. Modesti akatabasamu. "Wa kulia. Tunakwenda Lindi, meli inavutwa kulia, nchi kavu iliko. Umeridhika?"

"Na mkirudi Masoko? Nchi kavu iko wapi?"

"Kushoto," baharia mmoja alijibu.

"Na mkirudi meli inavutwa wapi?"

Adija akafungua daftari la kisomo, akalisukuma mezani mbele ya nahodha.

"Baba ameandika mwenyewe, kila safari, kabla ya kosa hili kutokea. Kwenda, nchi kavu. Kurudi, nchi kavu. Mkono mzito wa kulia ungewapeleka nchi kavu mkienda, na mkirudi ungewapeleka baharini. Mkono wa mtu haujui nchi kavu iko wapi! Hata dira ikiwa imepinda, ingewapeleka nchi kavu mkienda na baharini mkirudi. Kitu gani kinachobadilisha upande kila meli inapogeuka? Sijui. Lakini najua si mkono wa baba yangu."

Nahodha alisoma ukurasa mmoja, akafunua mwingine, kidole chake kikifuata herufi za Hasani zilizoyumba. Akasoma tena. Halafu akavua miwani.

"Mimi nakijua kitu hicho," alisema taratibu. "Na ningepaswa kukifikiria tangu Januari. Nifuateni juu."

Wakapanda wote mpaka chumba cha usukani. Mbele ya usukani ilikuwapo dira kubwa, umbo lake kama ngoma. Mabaharia waliiita jairo.

"Ndani ya hii hakuna sumaku," nahodha alimwambia Adija, lakini alikuwa anawaambia wote. "Kuna gurudumu zito linalozunguka kwa umeme, kasi kubwa mno. Gurudumu hilo linahisi dunia inavyozunguka kwenda mashariki, na kwa hisia hiyo linaitafuta kaskazini. Meli ikisimama gatini, linahisi mwendo wa dunia peke yake, na linaonyesha sawasawa. Meli ikikimbia kwenda kusini au kaskazini, linahisi na mwendo wa meli. Linaichanganya miendo miwili kama ni mmoja, hivyo kaskazini yake inapotoka kidogo. Mkienda kusini inapotoka huku, mkienda kaskazini inapotoka kule. Na kwa pwani yetu, nchi kavu ikiwa magharibi, mara zote mbili mshika usukani anayeifuata dira kwa uaminifu anaisogeza meli nchi kavu."

"Kidogo kiasi gani?" baba aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Kwa mwendo wetu wa maili kumi na mbili kwa saa, haifiki hata nyuzi moja. Ukitazama kwa macho huioni. Lakini kutoka hapa mpaka Lindi, inakuwa karibu maili nzima. Kwa hiyo dira ina vishikio viwili vya kuzungusha, kama vya redio. Kimoja unakiwekea mahali tulipo, umbali wetu na ikweta. Cha pili unakiwekea kasi ya meli. Ukifika gatini unakirudisha cha kasi kwenye sifuri, ukiondoka unakiweka tena. Hivyo ndivyo kosa linavyosahihishwa." Akamgeukia msaidizi wake. "Modesti, ile Jumatano uliweka kasi?"

"Niliweka, Nahodha," Modesti alijibu haraka. "Naiweka kila safari."

Adija hakuwa anamtazama Modesti. Alikuwa anakitazama kitambaa.

Dira ilikuwa imevalishwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua mekundu, na maneno "Uhuru na Kazi" kwa uzi wa kijani. Kilikatwa duara juu ili namba zionekane, na kiliteremka pande zote mpaka chini. Kila mtu Masoko alikijua. Akina mama wa mtaa waliizawadia meli siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, kama wanavyovalisha redio na viti vya wageni majumbani mwao. Ngoma zilipigwa gatini siku ile. Lakini aliyekidarizi alikuwa Adija.

Alimkumbuka Mzee Abdulrahmani, aliyekuwa msaidizi wa nahodha kabla ya Modesti, akimwonyesha dira alipokuja kupima kwa kamba. Alimwambia, "Mjukuu wangu, usisahau kuacha matundu mawili hapa pembeni, kwa ajili ya vishikio hivi." Na yeye aliitikia ndiyo. Lakini matundu yanataka kushonwa ukingo, ukingo unataka subira, na wenzake walikuwa wanamwita kucheza rede. Akasema moyoni, matundu madogo hayo, nani atayaona? Akakishona kizima, akakikaza kwa chini kwa uzi ili upepo usikipeperushe. Wiki ileile Mzee Abdulrahmani akahamishiwa Mtwara.

Desemba. Katikati ya Desemba ndipo maneno ya baba yalipobadilika.

Hakuna mwingine aliyejua. Nahodha alikuwa akiitikia kwa kichwa, tayari kuyakubali maneno ya Modesti. Akiyakubali, lawama itarudi kwa baba. Adija akisema, lawama itamwangukia yeye, na jina la mama yake mbele ya akina mama wote. Akasema bismillahi kimoyomoyo.

"Si kweli," alisema.

Modesti akageuka. "Binti, chunga ulimi wako. Unaniita mwongo?"

"Nasema hukuweka kasi, Ndugu Modesti, kwa kuwa haikuwezekana. Vishikio viko chini ya kitambaa hiki. Mimi ndiye niliyekishona. Mzee Abdulrahmani aliniambia niache matundu mawili, nikafanya uvivu, sikuyaacha. Nilikikaza kwa chini kwa uzi wa bluu, mishono kumi na miwili, kwa sababu uzi mweupe ulikuwa umeniishia." Akaonyesha pindo kwa kidole. "Kama kuna mtu ameshika vishikio tangu siku ya Uhuru, uzi utakuwa umekatwa. Tazameni."

Nahodha akapiga magoti kwa shida, akainua pindo. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Uzi wa bluu ulikuwa mzima, umekakamaa kwa chumvi.

Akatoa kisu kidogo mfukoni, akaukata. Kitambaa kikafunguka. Vishikio viwili vya shaba vikaonekana, na mshale wa kasi ulikuwa kwenye sifuri, pale ulipoachwa siku ya sherehe meli ikiwa gatini. Miezi mitatu Mbwemkuru ilikuwa ikikimbia baharini na dira yake ikidhani imesimama.

Modesti alivitazama vishikio. Kalamu zake mbili zilionekana ghafla kama za mtoto wa shule.

"Nilipokuja nilikikuta kitambaa," alisema. "Niliona aibu kukivua. Niliogopa akina mama watasema huyu mtu wa bara amedharau zawadi yetu. Nikajiambia labda dira ya meli hii inajisahihisha yenyewe. Halafu meli ilipoanza kusogea, ikawa rahisi kusema ni mkono wa Likwata. Ndugu Likwata, nimekukosea."

Hasani Likwata aliivaa kofia yake kwanza, akainyoosha.

"Umenikosea," alisema. "Nimekusikia na nimekusamehe. Lakini nataka uyaseme hayo hayo kule chini, mbele ya wote walionisikia nikiitwa mzembe."

"Atayasema," nahodha alisema, "na mimi nitayaandika kwenye kitabu cha meli. Na tangu leo, hatuondoki gatini kabla Modesti hajaweka kasi, akaitaja kwa sauti, na mshika usukani akaitika kwamba ameiona kwa macho yake."

Kisha akamgeukia Adija. Adija alisubiri kukemewa, ameinua kidevu, machozi yamemjaa.

"Na wewe. Ulijua kwamba ukisema neno lile utajishitaki mwenyewe?"

"Nilijua."

"Mbona ulisema?"

"Nilikuja hapa kutaka watu waseme kweli juu ya baba yangu. Ningewezaje kuidai kwao na mimi nimeificha ya kwangu?"

Nahodha akakikunja kitambaa vizuri, akampa. "Kichukue. Uniletee Jumatatu. Kwa matundu mawili."

Jumapili nzima Adija alikaa barazani na sindano. Petro alipita njiani na mkuki wa kuvulia samaki, akasimama. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Adija, kumbe kweli ulithibitisha."

"Kumbe kweli. Na kosa nililolikuta lilikuwa langu. Ukitaka kunitania kwa hilo, ruksa. Hilo ni la kweli."

Petro akajikuna kichwa. "Aa, basi. Silioni la kuchekesha." Akaenda zake.

Mama alikuja kukaa karibu naye, akakishika kitambaa na kuukagua ukingo wa tundu la kwanza, mshono kwa mshono, jambo ambalo hakulifanya mwezi wa Desemba.

"Akina mama wameniuliza sana leo," alisema. "Nimewaambia ndiyo, aliyekosea ni mwanangu, na aliyelisema kosa ni mwanangu pia. Sikiliza, Adija. Kumtetea baba yako ni jambo jema, lakini mtoto yeyote anayempenda baba yake angelifanya. Watu walikuamini pale ulipojitaja mwenyewe. Kinywa chako ni kikali, nami sitaki kikate wengine tu. Na kazi, hata ikiwa ndogo kama tundu la kitambaa, ifanye kama ulivyoagizwa, kwa kuwa hujui nani atapanda juu yake. Abiria wale walipanda juu ya mishono yako."

"Nimesikia, mama."

"Tundu hili zuri. La pili lirudie, limekaa kama mdomo wa samaki chewa."

Adija akacheka, akafumua, akaanza upya.

Jumanne alasiri baba alirudi kutoka Lindi. Alikaa kwenye kigoda, akalivuta daftari, na Adija alipotaka kumshika mkono akamwashiria amwache. Aliandika peke yake, jasho likimtoka, kwa muda mrefu. Alipomaliza aligeuza sinia ili binti yake asome.

"Tumekwenda Lindi na kurudi. Modesti ametaja kasi, mimi nimeiona. Nchi kavu ilikaa mahali pake. Binti yangu alisema kweli juu yangu na juu yake mwenyewe."

Adija alisoma mara mbili. Hakukuwa na herufi hata moja ya kusahihisha.